Shaba ya Karatasini na Shaba ya Ardhini

Kila mara Waziri wa Madini anaposimama mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba ardhi yetu imejaa utajiri, maneno yake hufika Mwembe Tayari kabla nakala za gazeti hazijauzwa nusu. Hapo ndipo mabasi ya bara hupakia abiria, na hapo ndipo makarani wa mabasi, makuli, wauza kahawa na wasafiri wa Migori, Busia na Kampala hukaa pamoja saa nyingi wakingoja safari. Basi likichelewa, siasa hushika nafasi. Na katika siasa zote hakuna inayonoga kama ya madini, kwa maana kila msikilizaji hujiona tayari ana fungu lake.

Hamu hiyo imezidi tangu mwaka wa 2024, pale wizara hiyo ilipotoka mikononi mwa Salim Mvurya, aliyekuwa Gavana wa Kwale, ikaingia mikononi mwa Hassan Joho, aliyekuwa Gavana wa Mombasa. Mpwani akimpokeza Mpwani mwenziwe funguo za ghala la mali ya taifa, watu wa Pwani wana haki ya kutega masikio. Lakini kutega masikio ni jambo moja, na kuelewa kinachosemwa ni jambo jingine. Nataka leo tujiulize swali ambalo nadra huulizwa barazani: mtafutaji madini akichoronga ardhi akakuta shaba, ni wakati gani mwananchi anaweza kusema kwa haki kwamba mgodi upo?

Nimeichagua shaba kwa sababu mbili. Kwanza, dunia nzima inaililia. Nyaya za umeme, magari yanayotumia betri, mitambo ya upepo na ya jua, vyote vinakula shaba, na mwezi wa Mei 2024 bei yake katika soko la London ilipanda hadi zaidi ya dola 11,000 kwa tani. Pili, shaba si mgeni kwetu. Huko Macalder, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Migori, mgodi wa shaba ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi ulipofungwa mwaka wa 1966. Na huko Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori nchini Uganda, mgodi mkubwa zaidi ulianza kutoa shaba mwaka wa 1956, na mali yake ikateremshwa kwa reli hadi bandari yetu ya Kilindini. Wazee wa Mombasa waliofanya kazi gatini miaka ya 1960 watakumbuka vipande vya shaba kutoka Jinja vikipakiwa melini. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya ndoto, bali juu ya kitu kilichopata kuwapo katika eneo letu kisha kikatoweka.

Sasa tuanze na shimo lenyewe. Kuchoronga ni kutoboa ardhi kwa mtambo wenye keekee ya almasi, iliyo wazi katikati, hivi kwamba mwamba unaokatwa huingia ndani ya bomba na kutolewa juu mzimamzima, mrefu na wa mviringo, kama mche wa sabuni. Miche hiyo hupangwa katika masanduku kwa utaratibu wa kina chake. Mwanajiolojia huisoma, kisha hupasuliwa kwa msumeno katikati. Nusu moja hupelekwa maabara, na nusu ya pili hubaki sandukuni. Maabara huleta jibu: kutoka mita ya 84 hadi ya 96, mwamba una asilimia 2 ya shaba. Kampuni huandika taarifa, na bei ya hisa zake hupanda huko Toronto au London kabla mwanakijiji ambaye shimo limechimbwa shambani mwake hajajua kilichoonekana.

Je, mita 12 zenye asilimia 2 ni habari njema? Huenda ikawa njema sana, na huenda ikawa si kitu. Hesabu ya wastani ina hila zake. Ukiwa na mita moja tu yenye asilimia 18 ya shaba, na mita 11 zilizobaki zenye zaidi kidogo ya nusu asilimia, wastani wa mita zote 12 utakuwa asilimia 2. Mgodi ule ule unaotangazwa kuwa na mwamba mnene wenye shaba ya kutosha, kwa kweli una uzi mmoja mwembamba, na mawe yasiyofaa yameazima sifa za uzi huo. Ndiyo maana taarifa ya kweli hutoa jibu la kila mita, si wastani pekee.

Isitoshe, urefu wa mita hizo ndani ya shimo si lazima uwe unene wa mshipa wenyewe. Ukiichoma sindano kwenye mkeka kwa kuilaza, itasafiri ndani ya ukili urefu wa kidole, ilhali mkeka wenyewe ni mwembamba kama ukucha. Mtambo uliosimamishwa vibaya, ama kwa kutojua ama kwa kujua sana, unaweza kuufuata mshipa kwa kuuteremka badala ya kuukata, na mshipa wa mita tatu ukaandikwa kuwa mita ishirini.

Shimo moja, hata liwe zuri vipi, ni ushahidi wa shimo hilo tu. Swali kubwa ni kama shaba inaendelea hadi shimo la pili, lililo mita 50 au 100 mbali, na la tatu, na la kumi. Hapa ndipo wataalamu wa dunia walipoweka ngazi zao. Australia ilitunga kanuni zake mwaka wa 1989, na Kanada ikafuata mwaka wa 2001 kwa kanuni zenye nguvu ya sheria. Katika kanuni hizo kuna madini yanayokisiwa kwa mashimo machache, kuna yaliyoonyeshwa kwa mashimo ya kutosha, na kuna yaliyopimwa kwa mashimo yaliyokaribiana. Yote hayo huitwa rasilimali tu. Hayawi akiba ya kuchimbwa mpaka ithibitishwe kwamba kuyachimba kutaleta faida. Baina ya neno rasilimali na neno akiba kuna bonde ambamo kampuni nyingi zimezikwa, na wanasiasa wetu hulivuka bonde hilo kwa sentensi moja.

Kanada haikutunga kanuni zake kwa kupenda. Katika miaka ya 1990 kampuni yake iitwayo Bre-X ilidai kuwa imegundua dhahabu nyingi ajabu mahali paitwapo Busang, Indonesia, na thamani ya hisa zake ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Mwaka wa 1997 ikabainika kwamba dhahabu hiyo ilikuwa imenyunyizwa ndani ya sampuli. Udanganyifu ulidumu kwa sababu moja ya kusikitisha: miche ya mwamba ilikuwa ikisagwa yote, hivyo hapakuwa na nusu iliyobaki sandukuni ya kumuumbua mwongo. Wastaafu na wenye akiba ndogondogo walipoteza fedha zao. Tukumbuke kwamba hao walikuwa watu wa nchi yenye soko la hisa kongwe na magazeti ya biashara, si wakulima wa mihogo.

Tuseme sasa kwamba hakuna uongo wowote. Tuseme mashimo yote yameafikiana, na mshipa una urefu wa mita 600, umeshuka chini mita 300, na unene wake ni mita 10. Hizo ni mita za ujazo 1,800,000, na kwa mwamba wenye uzito wa tani 2.8 kwa mita, tunapata tani zipatazo milioni 5. Kwa asilimia 2, shaba iliyomo ni tani 100,800. Kwa bei ya dola 9,000 kwa tani, mheshimiwa yeyote atapanda jukwaani na kutangaza utajiri wa dola milioni 900, yaani zaidi ya shilingi bilioni 110. Hesabu yake ni sahihi. Hitimisho lake silo.

Mgodi huo ukichimbwa kwa miaka kumi, kila mwaka utatoa tani nusu milioni za mawe. Kinu hakiwezi kukamua shaba yote; tuseme kinapata asilimia 88. Hizo ni tani 8,870 za shaba kwa mwaka, zenye thamani ya karibu dola milioni 80. Lakini kinachotoka kinuni si shaba safi, ni makinikia, unga mweusi ambao lazima usafirishwe hadi bandarini na kuuzwa kwa mwenye tanuri ng'ambo, naye hukata gharama zake. Tukikadiria kwamba usafiri na uyeyushaji unakula asilimia 15, zinabaki dola milioni 68. Kuchimba chini ya ardhi na kusaga mawe kukigharimu dola 80 kwa tani, zaidi ya dola milioni 40 zinaondoka. Zimesalia kama dola milioni 27 kwa mwaka, kabla ya mrahaba, kodi na riba.

Na mgodi wenyewe je, pamoja na mashimo ya kushukia, kinu, bwawa la tope, umeme, maji na barabara? Tukikisia kwa huruma dola milioni 180, na mkopo wa riba ya asilimia 10, basi dola milioni 27 kwa mwaka kwa miaka kumi hazitoshi kuulipa. Utajiri wa dola milioni 900 umegeuka deni. Bei ikishuka hadi dola 7,000, kilichokuwa milioni 27 huwa milioni 12. Kiwango cha shaba kikiwa asilimia 1.5 badala ya 2, huwa kama milioni 10. Na tusidhani kwamba bei haishuki: mwaka wa 1999 tani ya shaba iliuzwa kwa chini ya dola 1,500.

Msomaji atasema kwamba nimejitungia mfano unaonifaa. Na tuutazame Kilembe basi. Katika uhai wake mgodi huo ulichimba mawe yapatayo tani milioni 16, yenye karibu asilimia 2 ya shaba, ukapata tani kama 270,000 za shaba ghafi. Hiyo ni mara tatu ya mgodi wangu wa kubuni. Zaidi ya hayo, Kilembe haukujengewa kila kitu kwa mfuko wake wenyewe. Bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1954 na lilikuwa likitafuta wateja wa umeme wake, ndipo tanuri likajengwa Jinja. Reli ilifikishwa Kasese mwaka wa 1956. Serikali ya kikoloni ilibeba mizigo ambayo leo mwekezaji angetakiwa aibebe mwenyewe. Hata hivyo, vurugu za miaka ya 1970, uhaba wa vipuri na bei duni viliudhoofisha mgodi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ukakoma.

Kilembe haukufungwa kwa kuishiwa. Makadirio yanayotajwa tangu wakati huo ni kwamba zimebaki tani zipatazo milioni 4, zenye shaba ya chini kidogo ya asilimia 2. Mashimo ya kushukia yapo, mji wa wafanyakazi upo, na ramani zipo. Mwaka wa 2013 serikali ya Uganda iliukodisha kwa kampuni ya Kichina ya Tibet Hima, na miaka michache baadaye mkataba ukavunjwa bila mgodi kufufuka. Ikiwa tani milioni 4 zilizokwisha kupimwa, ndani ya mgodi uliokwisha kuchimbwa, zimekaa miongo minne bila kutoa hata kilo moja ya shaba, mtu anayetuambia kwamba mashimo matatu ya kuchoronga ni mgodi anatuona watoto.

Upande mwingine wa mizani upo pia, na haki inadai utajwe. Katika Kongo, karibu na Kolwezi, uchorongaji ulifunua shaba ya Kamoa mwaka wa 2008, na baadaye ile ya Kakula, ambayo sehemu zake nono zina zaidi ya asilimia 5. Mwaka wa 2021 mgodi huo ulianza kuuza. Mahali hapo hapana reli nzuri wala bandari ya karibu, lakini shaba yenyewe ni nyingi na nono kiasi cha kuzishinda dhiki zote hizo. Kwa hiyo mchorongaji si wa kudharauliwa. Kinachohitajika ni kumpima kwa mizani hiyo: tani ngapi, unono gani, kina gani, umbali gani na bahari.

Kuna jambo jingine ambalo humchanganya mwananchi, nalo ni rangi. Shaba iliyo karibu na uso wa ardhi hugeuzwa na mvua na hewa kuwa mawe ya kijani kibichi yanayong'aa. Huyaokota mchunga mbuzi, huyapiga picha mwanasiasa. Lakini kijani hicho mara nyingi ni ganda tu, na chini yake shaba huwa imechanganyika na kiberiti na chuma, haipendezi macho. Ajabu ni kwamba kinu kinachoikamua ile ya chini hakiwezi kuikamua ya juu vizuri. Ya juu huhitaji tindikali. Shimo likipita katika aina zote mbili, asilimia inayotangazwa ni moja, ilhali kazi ni mbili na gharama ni mbili. Macalder, kwa mfano, haikuwa shaba peke yake. Ilikuwa mwamba uliobeba shaba, zinki, dhahabu na fedha kwa pamoja. Baada ya shaba kukoma, ni dhahabu iliyowabakisha watu huko, wachimbaji wadogo wenye sululu na zebaki, na hali yao inastahili makala yake.

Majirani zetu wa Tanzania waliwahi kuonja uchungu wa kutoaminiana juu ya vipimo. Mwaka wa 2017 makontena ya makinikia ya shaba na dhahabu yalizuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Tume iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa viwango vya dhahabu vilivyopita mara kadhaa vile vya kampuni ya Acacia. Kodi ya dola bilioni 190 ikadaiwa, na hatimaye Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Nani alikuwa karibu na ukweli? Baina ya tarakimu hizo mbili kuna nafasi ya kutosha kwa kila mtu kuamini anachopenda, na hivyo ndivyo inavyokuwa pale sampuli zisipopimwa na mtu wa tatu tangu mwanzo.

Sisi wa Pwani tuna shule zetu mbili, zote katika Kaunti ya Kwale. Ya kwanza ni mchanga wa titani. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilianza utafutaji katikati ya miaka ya 1990, mabishano ya fidia, mazingira na mahakama yakafuata, leseni ya kuchimba ikatolewa mwaka wa 2004, fedha zikakosekana, mwaka wa 2010 mradi ukauzwa kwa Base ya Australia, uchimbaji ukaanza mwaka wa 2013, na mwezi wa Desemba 2024 ukakoma kwa kuwa mchanga uliofaa ulikuwa umekwisha. Utafutaji na mabishano vilichukua zaidi ya miaka 15, uchimbaji kama miaka 11. Na huo ulikuwa mradi uliofaulu, wenye mchanga laini usiohitaji baruti, ulio umbali mfupi na gati ya Likoni! Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 70 ya mrahaba ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii inayoishi palipochimbwa. Fungu hilo la jamii watu wa Kwale walilipigia kelele miaka mingi.

Shule ya pili ni Mrima. Mwezi wa Julai 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba kilima hicho kina madini adimu na niobi yenye thamani ya dola bilioni 62.4. Tarakimu hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwezi uliofuata Waziri Najib Balala akaifuta leseni yake pamoja na nyinginezo zilizotolewa mapema mwaka huo. Kampuni ikaishtaki Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, na mwaka wa 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata sheria: Mrima ni msitu uliohifadhiwa, kaya ya Wadigo, na hapakuwa na idhini ya mazingira. Bilioni 62.4 ilikuwa ni kuzidisha tani kwa bei. Haikutoa gharama hata senti moja, wala haikuuliza kama mlango wa kuingilia ulikuwa halali. Waliofaidi kelele hizo si watu wa Mrima.

Tukifika mwezi wa Januari 2024, Waziri Mvurya alipotangaza kuonekana kwa koltani huko Embu na katika kaunti nyingine, ngoma ikapigwa vile vile. Sina shaka kwamba koltani ilionekana. Lakini kuonekana ni hatua ya kwanza katika safari ambayo nimejaribu kuihesabu hapa kwa tani na dola, na mwenye shamba akiuza shamba lake kwa sababu ya hatua ya kwanza, hatalirudishiwa hatua ya tano ikishindikana. Wala mwanachama wa kikundi cha akiba hatarudishiwa fedha alizotoa kununua kile kiitwacho fungu la mgodi.

Ni maoni yangu kwamba wizara ina dawa mkononi. Tangu mwaka wa 1993 tuna sheria ya kuwasajili wanajiolojia. Tangazo lolote la ugunduzi, liwe la kampuni au la serikali yenyewe, litiwe saini na mwanajiolojia aliyesajiliwa, na liambatane na idadi ya mashimo, mahali yalipo, jibu la kila mita, unene halisi wa mshipa na jina la maabara. Thamani ya jumla kwa dola ipigwe marufuku mpaka iwepo akiba iliyothibitishwa. Kampuni zitalalamika kwamba siri zao zinaanikwa, ilhali nyingi zao huyatoa hayo yote kwa wanahisa wa ng'ambo. Wanaofichwa ni wenyeji.

Nusu ya miche inayobaki baada ya maabara ihifadhiwe humu nchini, mahali ambapo kaunti inaweza kutuma mtaalamu wake akaipime upya. Na siku kampuni ya shaba itakapoitisha baraza, iwe Migori au kwingineko, wazee wasianze na swali la ajira. Waulize kwanza masanduku ya miche yamewekwa wapi, na ufunguo anao nani.